Mtama wa Kibuta

Niliwaambia wageni kwamba watoto wa Kibuta ni wavivu. Nilijua si kweli. Nilisema hivyo kwa kuona haya, na haya ikimshika mtu aliyesoma sekondari humfanya mjinga kuliko asiyekanyaga shule kabisa.

Ilikuwa bado enzi za Mwingereza. Wanafunzi wanne walitoka kwao Uingereza wakati wa likizo, wakaja Kisarawe kufundisha watoto kusoma na kuhesabu kwa wiki tatu. Bila malipo, walisema, na walipenda kulirudia hilo. Wakahitaji mkalimani. Nikapatikana mimi wa Misugusugu, niliyeapa tangu kutoka shule ya bweni kwamba sitalala tena nje ya nyumba ya mama. Nilifika Kibuta na mto wangu wa kulalia kwapani. Wao walikuwa wamevuka bahari, mimi nimevuka mabonde mawili matatu, lakini aliyeulizia njia ya kurudi kwao siku ile ile ni mimi.

Darasa lilipangwa saa moja asubuhi, kwenye banda la makuti. Watoto wakaja saa nne, miguu imelowa umande, mikono imejaa udongo. Mtama ulikuwa unakomaa, na ndege hushuka alfajiri. Kila mtoto alikuwa juu ya dungu la shambani kwao akiamia ndege, anapiga makopo na kurusha madongo kwa kombeo, mpaka jua liwe kali ndege wakapumzike. Hilo hata mimi, ninayelijua jembe kwa sura tu, nililijua.

Mgeni mmoja, msichana mrefu asiyeachana na daftari, akaniuliza mbona wanachelewa. Ulimi ukawa mzito kumwambia kwamba kwetu watoto hugombea chakula na ndege. Nikamjibu, "Uvivu tu. Niachie mimi."

Kesho yake alfajiri nikayapitia madungu na fimbo mkononi. La mwisho lilikuwa la bibi mmoja mjane aliyeishi na mjukuu wake wa kike, wa miaka kama tisa. Walikuwa wao wawili tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuamia na wewe? Kwa mikono hiyo laini, ndege watadhani umewaletea maandazi."

Mjukuu akacheka kule juu hadi kopo likamponyoka.

"Nimemfuata huyu, bibi. Darasa ni saa moja."

"Atakuja ndege wakitulia. Waambie wageni wako waanze saa nne. Si wana saa mkononi?"

"Wametoka mbali sana, bibi, kwa ajili yake."

"Mimi sikuwaita, baba."

Hapo ningeondoka. Badala yake nikamtaja Bwana Shauri, yule afisa wa Kizungu wa wilaya, nikasema ana habari, na mzazi atakayemzuia mtoto ataitwa bomani. Uongo mtupu. Bibi akanitazama kidogo, kisha akamwambia mtoto, "Shuka." Akapanda yeye, taratibu, ngazi inalia. Macho yake hayakuona mbali, na mkono wake wa kulia haukuweza tena kuvuta kombeo.

Basi darasa likajaa saa moja kamili. Wageni wakapiga picha. Yule mjukuu wa bibi alikuwa mwepesi kuliko wote. Wiki ya pili haijaisha aliandika jina lake, halafu la bibi yake.

Asubuhi moja tukasikia ndege wanashuka. Watoto wote wakageuza shingo kwa pamoja, na kwa mbali, upande wa shamba la bibi, kopo likawa linalia, moja tu, halafu likanyamaza, halafu likalia tena. Nikapiga fimbo mezani. "Mbele!" Wakatazama mbele.

Wenye watu wazima wengi nyumbani walipoteza kidogo. Shamba la bibi lilibaki mabua na masuke matupu, kama vijiti vya ufagio.

Wageni waliondoka bila kujua. Yule msichana wa daftari alinishika mkono, akanisifu kwamba nina kipaji cha kuwaongoza watoto. Nikamshukuru, tena kwa Kiingereza safi.

Wiki iliyofuata yule mjukuu akapelekwa kwa mjomba wake, ng'ambo ya Mlandizi, akalee watoto wa huko na kuteka maji, kwa kuwa chakula cha watu wawili hakikuwapo tena. Nilifika na pishi ya mchele saa chache baada ya yeye kuondoka. Bibi akaitikia shikamoo yangu, akaupokea mchele, akaingia ndani. Nikabaki uani nikijieleza kwa jirani yake, mama mmoja aliyekuwa akitwanga. Nikasema nia yetu ilikuwa njema, ila ndege ndio hao.

Hakuuacha mchi. "Ndege wamekula mtama, sawa, ndiyo kazi yao. Lakini hawakusema wamekuja kumsaidia mtoto."