Kiondo cha Njia ya Mtoni

Makonge yakilowekwa hunuka vibaya, msidanganywe na uzuri wa viondo mnavyoviona dukani. Harufu ile ikinipata popote, narudi moja kwa moja kwetu Kalama, mwaka ule baba alipoachishwa kazi kiwandani Athi River.

Baba alinyamaza tu, akashika jembe. Aliyeugua ni mama. Aliacha kulala, akaacha kula, akawa anasimama jikoni na mwiko mkononi huku muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ukiungua mbele yake. Hospitalini Machakos walimpima wakasema presha imepanda, apunguze mawazo. Akarudi nyumbani na jambo jipya la kuwazia. Mimi nilikuwa darasa la nne, na niliogopa sana kwamba angekufa.

Susu, mama yake baba, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimtupia mkaza mwana wake fungu la nyuzi.

"Mama Ndinda, ukienda mtoni suka kiondo, na useme yote iko kwa roho. Ukishabeba maji, hakuna kusema tena mpaka kesho."

"Na nikikumbuka kitu njiani, mwaitu?" mama akauliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Itangoja kesho."

Basi kila jioni tuliteremka, mama akisuka huku anatembea kama wanawake wa kwetu wafanyavyo, bila kutazama vidole, nami nyuma na kimtungi changu nikisikia yote: karo, mahindi yaliyokauka, baba asiyesema. Siku za kwanza alivuta nyuzi kwa nguvu hadi kitako cha kiondo kikapinda. Alitaka kufumua, Susu akakataa katakata. "Endelea hapo hapo."

Wakati wa kurudi, mtungi mgongoni na ukanda kwenye paji la uso, mama alifunga mdomo. Jioni moja alijisahau. "Na yule mwalimu wenu..."

"Mama, tumeshateka maji," nikasema.

Akacheka, kicheko kizima, hadi maji yakamwagika. Nilikuwa nimekikosa kicheko hicho kwa muda mrefu, na nilifurahi nusura nilie. Mvua ilichelewa na kazi ya baba haikurudi, lakini mama alianza kula, na usiku nikawa namsikia akikoroma.

Miaka yote nilidhani kiondo kile kilimponya wasiwasi. Juzi ofisini kwetu walianza kupunguza watu, na daktari akaniambia presha yangu imepanda. Nikakishusha kiondo kutoka juu ya kabati, nikakipapasa. Kitako kimekazwa hadi kimepinda. Ukipanda juu nyuzi zinalegea na kunyooka, kisha zinakaza tena, zinalegea, zinakaza, mpaka mdomoni kabisa. Kumbe mama hakuacha kuogopa. Alikataa tu kuogopa akiwa amebeba maji yetu.

Nimeloweka makonge. Nyumba nzima inanuka, na jioni natoka kutembea.