Barua ya Jaimal Iliyochanika Pembe

Lahnu alibeba mfuko wa posta na mkuki wenye njuga miaka kumi na tisa katika vijiji vya milima ya Kangra, na dosari yake ilikuwa moja tu: hakuvumilia kumwona mtu akikosa salamu. Yeye ndiye aliyewasomea wanakijiji barua za vijana wao waliokwenda kupigana Ufaransa. Mwandishi akimsahau shangazi fulani, Lahnu alimtilia shangazi salamu zake, motomoto, pamoja na pole ya goti. Watu walijua. Walimcheka, kisha wakakaa kimya kungoja zamu yao ya kusalimiwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa Chait, baridi ikiisha, alipita nyumba tatu akikataa maziwa ya mgando. Lahnu kukataa maziwa ni mbuzi kukataa majani. Alipofika uani kwa Durgi, wanawake sita walikuwa wakimfuata nyuma.

Durgi alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Jaimal, askari huko Ufaransa.

"Shemeji, leo umemeza nini?" aliuliza. "Njuga za mkuki wako zinaongea, wewe umenyamaza."

Lahnu akatoa barua ambayo hata yeye hakuwa ameifungua. Pembe yake moja ilikuwa imechanika, na kwao barua ya msiba ndiyo huchanwa pembe, ili mwenyewe ajue kabla ya kusomewa. Phulan, jirani aliyekuwa hasemezani na Durgi tangu wagombanie mfereji wa maji, alijitupa chini akaanza kulia, tena vizuri kabisa, kwa sauti ya kufika bondeni.

"Ngoja kwanza," Durgi alisema. "Sijasomewa." Akamgeukia Lahnu. "Na wewe usitie sukari. Leo naitaka barua, sikutaki wewe."

Lahnu akasoma. "'Mama, mimi ni mzima. Tuliingia vitani mia na kumi, tukarudi arobaini na mmoja, nami nimo. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vimebaki huko. Karatasi hii ilinasa kwenye matope ya mfuko wa koti, nikiitoa ikachanika pembe. Sina nyingine. Usidhani vibaya.'"

Hakuna aliyefurahi. Durgi alitikisa kichwa polepole.

"Shemeji yangu, una moyo mzuri. Sasa soma kilichoandikwa."

"Ndicho kilichoandikwa."

"Hata matope ya kuchania pembe umeyapata? Haya, umejitahidi."

"Shemeji, naapa kwa macho yangu."

"Macho hayohayo uliyaapia kwamba Jaimal aliuliza hali ya paka wa Phulan."

Mtu mwingine ajuaye kusoma alikuwa mwalimu wa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umefurika kwa theluji inayoyeyuka. Mto usingevukika kabla ya siku mbili. Siku mbili mama huyu akae na mtoto asiye hai wala maiti? Lahnu akainamia barua, akaendelea: baridi ya huko, dengu za hospitali zisizo na chumvi. Katikati ya ukurasa, macho yake yakaruka.

"Umeruka," Durgi alisema. Herufi hakuzijua, lakini macho ya watu aliyajua.

"Si kitu."

"Soma, Lahnu." Lile neno shemeji halikuwepo tena, na sauti yenyewe ilikuwa karibu kwisha.

Lahnu akajifuta jasho, akasoma haraka kama anayemeza dawa. "'Na Mama, mwambie baba mdogo Lahnu akome kunitungia salamu. Nimeletewa shukrani za Phulan kwa salamu zangu. Salamu zipi? Phulan sijamsalimu tangu atuzibie mfereji, wala sitamsalimu. Mzee huyu akiletwa huku na bunduki, atawasalimu Wajerumani.'"

Durgi akakaa chini palepale aliposimama.

"Hilo hukulitunga," alisema.

"Nilitungeje?" Lahnu alijibu kwa uchungu. "Mzee! Mimi na marehemu baba yake nani mkubwa?"

Durgi alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Mabega yalimtikisika muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kuuliza kama ni kicheko.

"Soma tena," alisema kutoka humo ndani.

Akasoma tena. Habari za vidole na dengu hazikutakiwa na mtu. Kila mmoja alitaka mahali pale pale. Mara ya nne aliyeomba alikuwa Phulan, bado yuko vumbini, nywele zimemfumuka, kamasi zinamtoka.

"Kaka Lahnu," alisema, "hebu rudia pale anaponinyima salamu."