Mkunjo wa saba: send-off yetu ilivyomwibia Mfilipino kazi ya mama yake

Wakuu, poleni na majukumu.

Miaka yote humu mimi ni msomaji tu, nacheka na kupita. Leo nimeshindwa kupita. Nina hasira ya wiki tano kifuani, kwa hiyo mtanisamehe nikiruka ruka.

Chumvi sitaongeza, iliyopo inatosha. Na pale ambapo mkosaji ni mimi nitasema ni mimi, maana najua wanaonijua wamo humu na wameshaanza kutafuna kucha.

Mimi ni mama wa Korogwe, huu ni mwaka wa kumi na moja niko Maryland. Nafanya CNA kwenye nursing home moja Rockville. Kuogesha wazee, kuwageuza, kuwalisha. Nikirudi nyumbani ni fundi, cherehani iko sebuleni na watoto wamezoea kula pembeni yake.

Kazini kuna nesi Mfilipino, humu nitamwita Manang Luz. Huko kwao kaskazini Manang ni dada mkubwa. Yeye aliniita ading, yaani mdogo wangu. Nilipofiwa na baba nikashindwa kusafiri, ndiye aliyenishikia shift mbili na kuniletea wali nyumbani. Mjue ni mtu wa aina gani.

Wengi wetu tunawajua Wafilipino kwa unesi, basi. Nami nilikuwa hivyo hivyo.

Kumbe wenzetu wana mambo. Hapa DMV, yaani D.C., Maryland na Virginia, kuna wabunifu wao wanachukua mavazi ya bibi zao na kuyageuza ya leo. Mikoba ya kusuka, hereni za magamba ya chaza, vitu ambavyo ukivaa mtu anakusimamisha barabarani akuulize.

Kazi ya Manang Luz ni mikono. Mikono tu, bila gauni.

Ngoja nieleze. Gauni la heshima la wanawake wa kwao lina mikono mipana inayosimama juu ya mabega kama mabawa ya kipepeo. Yeye kaitoa kwenye gauni, kaifanya kitu cha kujitegemea. Unavaa juu ya chochote, hata jinzi na tisheti, unaifunga nyuma ya shingo kwa kifungo cha gamba. Kitambaa ni pamba ya kufumwa kwa mkono kijijini kwao. Anakitia wanga wa mchele mpaka kinasimama chenyewe, waya hakuna. Jozi moja inamchukua wiki tatu.

Sasa sikieni hili vizuri, maana ndio uzi wenyewe.

Mama yake alikuwa dobi. Miaka na miaka alibeba beseni la nguo za watu begani, bega la kushoto, mpaka likashuka. Siku alipojishonea gauni lake mwenyewe, mkono wa kulia aliuwekea mikunjo sita na wa kushoto saba. Ule wa saba ulikuwa wa kuliinua bega lililochoka, ili naye aende kanisani akiwa sawa.

Mama kafariki. Mtoto kaacha mikunjo ile ile, sita na saba. Ukiivaa wewe mwenye mabega yaliyonyooka, kushoto kunapanda kidogo. Nilimwambia mbona isiwe sawa pande zote. Akanijibu, "Hapana ading. Pale ndipo mama anaposimama."

Mwaka huu alichaguliwa kwenye maonyesho ya wabunifu wa Kifilipino pale D.C. Watu kumi tu, na yeye peke yake ndiye anayetoka kubadilisha bandeji za wazee ndipo akashone. Alilia kwenye chumba cha dawa siku aliyopata barua.

Mikono ilikuwa haijakamilika na shift zinamkaba. Akaniomba nimsaidie. Akaniletea karatasi ya kukatia vitambaa ya mama yake, imekunjwa mpaka imelainika kama kitambaa, ina maandishi ya penseli ya marehemu.

Sharti lilikuwa moja. "Usipige picha mpaka maonyesho yapite." Nikamwambia hilo ni dogo sana.

Haya, njooni sasa kwenye ujinga wangu.

Wakati huo tulikuwa na kamati ya send-off ya Neema, binti wa binamu yangu. Mwenyekiti ni Mama Kelvin wa Manassas, Mkenya aliyeolewa kwetu, mwanamke hodari na sauti anayo. Mimi niko idara ya mavazi.

Mnazijua kamati zetu. Kila kitu lazima kitupiwe kwenye group wajumbe waridhie. Keki, viti, hata rangi ya serviette. Kitu ambacho hakijapita group hakipo duniani.

Nikatuma mchoro wa gauni la sare, la bluu, lenye adabu zake. Mama Kelvin akaandika: "Fundi wetu bado ako nineties." Zikafuata emoji za kucheka, nikahesabu mpaka ishirini.

Wakuu, niliumia. Mezani mbele yangu ilikuwepo ile mikono imesimama kama inanitazama, na karatasi ya marehemu imetandazwa pembeni.

Nikapiga picha mbili, na karatasi nayo ikaingia. Nikazitupia. Nikaandika: "Nineties ndio hii?"

Sifa zikamiminika. Fundi kiboko, fundi hatari. Nikavimba kichwa. Baada ya kama dakika kumi ndipo nikakumbuka ahadi, nikazifuta kwenye group. Nikajiambia yameisha.

Kwa Manang Luz sikusema neno. Mngenishauri kusema? Najua. Ningeshauriwa na mtoto wa darasa la pili.

Wiki sita baadaye, send-off. Ukumbi uko College Park. Sare ilibaki lile gauni langu la bluu, kila mtu kajishonea, ila mwenyekiti alisema kuna surprise mlangoni. Nikamwalika Manang Luz, akaja kapendeza, kashika boksi limefungwa utepe. Alimshonea Neema jozi moja ya mikono halisi kama zawadi, ya kuvaa juu ya gauni la harusi, na hata jina lake la pili halijui.

Tukafika mlangoni. Mama Kelvin kasimama na katoni kubwa.

"Karibu fundi! Geuka nikufunge."

Sikuelewa. Nikageuka. Nikahisi kitu kinanikalia mabegani, waya unanichoma shingoni, kifungo cha plastiki kinabana. Nikatazama ndani ya ukumbi.

Wanawake arobaini. Wote bluu. Wote wamevaa mikono ya Manang Luz, kwa kitambaa cha satin cha kuteleza, gundi inaonekana kwenye mishono.

Wote bega la kushoto liko juu.

Manang Luz alikuwa nyuma yangu. Akaniambia kwa sauti ya chini, nisimame vile vile nisigeuke. Nikahisi kidole chake kinahesabu. Kulia, moja mpaka sita. Kushoto, moja mpaka saba.

"Hata bega lake, ading," akasema. "Mmechukua hata bega lake."

Akashika boksi lake, akatoka. Nilimkimbilia mpaka kwenye parking. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Ulipiga picha?" Nikasema ndiyo. Akafunga mlango wa gari.

Nikarudi ndani moto unawaka. Nikamvuta Mama Kelvin jikoni kwa wapishi.

"Ile picha niliifuta! Nani kakupa ruhusa?"

"Ulifuta nikiwa nimeshasave, kwani kuna shida gani? Nilikuwa na akina mama arobaini na hakuna surprise. Nikatuma kwa fundi, amefanya usiku na mchana, na Neema amefurahi. Wewe unataka tu credit."

"Si ya kwangu! Ina mwenyewe!"

"Aki wewe. Sleeve iko na mwenyewe? Na hizo vitenge unavaa kila Sunday, kwani ni za babu yako?"

Niliondoka jikoni. Jibu lilinijia nikiwa naendesha gari, kama kawaida ya majibu mazuri. Kitenge hakuna mtu aliyenikabidhi mkononi akaniambia nimfichie.

Yangeishia pale ningenyamaza. Hayakuishia.

Jumatatu yake picha zipo kwenye page ya Mama Kelvin. Ameandika ni ubunifu wake mwenyewe, anapokea oda. Watu wanashare, mpaka Wafilipino wakaanza kuzishare. Kufika Alhamisi waandaaji wa maonyesho wakampigia Manang Luz. Wameona mikono yake ukumbini kwa watu wengine, kabla ya siku ya maonyesho. Aeleze, au ajitoe.

Hebu fikirieni. Mtu kaibiwa, halafu anaitwa mwizi.

Nikampigia Mama Kelvin. Nilimwomba kwa adabu, nikamwita dada. Nikasema futa lile neno "mwenyewe" tu, picha acha. Akaniambia niwache wivu. Dakika tano baadaye nimeondolewa kwenye group. Mtu niliyeshona naye sare!

Siku nne baadaye, kazini, Manang Luz akanipita kwenye korido akasema, "Jumamosi. Lete karatasi ya mama. Na simu yako."

Tukaenda D.C. Aliyetupokea ni mama mmoja wa Kifilipino mtu mzima, miwani kaiweka kichwani, hana haraka wala tabasamu. Manang Luz hakunitambulisha kama rafiki. Alisema, "Huyu atazungumza."

Nikazungumza. Nikasema ni mimi. Nikaonyesha tarehe za picha kwenye simu. Nikataja sharti, nikataja emoji ishirini, na hapo nikaomba maji. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa mtu.

Yule mama akatandaza karatasi. Akahesabu, sita, saba. Akauliza kwa nini haiko sawa. Manang Luz akamweleza bega.

Akawaza. Akasema picha na karatasi anaziona, lakini yule mwingine naye atadai ni zake. Angependa kumsikia.

Nikampigia Mama Kelvin, nikamwambia wazi: niko na waandaaji wa maonyesho, wanakusikia, wana swali kuhusu design yako. Akafurahi! Kiingereza kikamtoka cha redioni. Yule mama akamuuliza swali moja tu: kwa nini mkono wa kushoto una mikunjo saba na wa kulia sita?



"Oh, that one," Mama Kelvin akasema kwa Kiingereza hicho hicho, akicheka. "Ni mistake ya tailor. Pole sana. Nimeshamwambia aitoe kwa next batch."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifunga kama wa Manang Luz dakika ile. Alishika ukingo wa meza. Miaka yote ya beseni la nguo za watu, na leo mama yake anaitwa mistake ya tailor.

Yule mama akashukuru, akakata simu mwenyewe. Akashusha miwani, akaikunja ile karatasi polepole kwa mikono miwili, akamrudishia Manang Luz. "Tutaonana kwenye maonyesho," akamwambia.

Akabaki kwenye orodha. Nikadhani kwenye gari atanikumbatia. Alitazama dirishani njia nzima mpaka Rockville.

Kwenye maonyesho nilikwenda, nikasimama nyuma kabisa. Ilipotoka mikono yake nikanyoosha shingo. Nilihesabu kwa mbali. Saba.

Mpaka leo tunafanya kazi pamoja. Ananisalimia, ananipa ripoti za wagonjwa, kila kitu sawa sawa. Ila haniiti ading. Ananiita kwa jina lililoandikwa kwenye badge.

Wakuu, Mama Kelvin simpendi na sitajifanya. Lakini hasira yangu nikiichimba naikuta inaanzia mezani kwangu. Yeye aliiba picha. Mimi ndiye niliyefungua mlango, kisa nimechekwa na watu ambao hata viatu vyangu hawavijui vinabana wapi. Ukiambiwa usipige picha, usipige. Na ukipiga, nenda kaseme siku hiyo hiyo, kabla mtu hajahesabu mwenyewe mgongoni kwako.

Sasa nyie akina dada arobaini. Najua mmo humu, wengine mnasoma mkiwa mmeficha simu chini ya meza.

Ile mikono iko kabatini kwenu. Nileteeni. Nafumua mkunjo mmoja mmoja, nawarudishia satin yenu mkashonee foronya. Mpaka jana zimefika jozi tisa. Kila ninayomaliza napiga picha ya kifumulio na nyuzi zake, basi, na namwonyesha Manang Luz nikiwa nimemwomba ruhusa kwanza. Juzi alizitazama muda mrefu. Akauliza, "Bado ngapi?"

Nikasema thelathini na mbili, pamoja na ya kwangu.

Ya kwangu nitaifumua ya mwisho.

Povu ruksa, hata la kwangu nalistahili. Anayesema ni mikono tu ya nguo naye aandike, ila kwanza aniambie mama yake alibebea bega gani.