Godoro Nililolipeleka Kisorya

Mpaka leo mtu akitaja Kisorya mbele yangu najifanya napokea simu. Natoka nje kabisa, naweka simu sikioni, nasema "haloo, haloo, nakusikia," na hakuna mtu upande wa pili, mradi tu mazungumzo yapite. Lakini nyie ni watu wangu, na nusu ya mtaa wetu wa Mwisenge wameshaisikia habari hii kwa midomo ya wengine (kuna wanaosema nilipigwa, jamani, sikupigwa), kwa hiyo acha niisimulie mwenyewe, mnicheke mara moja yaishe.

Mimi ni fundi seremala, mnanijua. Mama mkwe wangu, yaani mama yake Nyangeta mke wangu, anakaa Butiama, na ana nyonga mbovu, hawezi kukaa kitini safari ndefu, lazima ajinyooshe. Dada yake mkubwa, ndugu pekee wa tumbo moja aliyebaki naye duniani, aliolewa Ukerewe, na mwaka huu kiharusi kikampiga, upande mmoja wote ukalala. Mdomo ulikuwa bado unaongea. Basi ikawa kila jioni anampigia mdogo wake simu: "Njoo. Kuna maneno mama yetu aliniachiaga nikuambie, na siyo maneno ya simu." Mama mkwe akikata simu analia, maana basi hawezi kupanda, na mke wangu akimwona mama yake analia naye analia. Mimi nikawaangalia, kifua kikanijaa, nikasema: niachieni mimi.

Laiti ningeuma ulimi siku ile.

Mwajua pale Bunda kwenye vituo vya mafuta, watalii wanaotoka mbugani wanapitaga na yale magari yao yenye kitanda ndani, jiko ndani, maji ndani, mtu anapika chai huku anachungulia dirishani kama yuko sebuleni kwake. Nikajiuliza, hiki kitu kinanishinda nini mimi? Haisi ya kubebea mbao ninayo, randa ninayo, mikono ninayo. Nikavitoa viti vya nyuma vilivyokuwa vimebaki, nikatengeneza kitanda cha mninga futi nne kwa sita, chini yake droo za nguo, pembeni kimeza cha kukunja, dumu la maji lenye bomba, na jiko dogo la gesi nimelifungia kwenye kona lisicheze. Kila jioni watu wanakuja karakana kuangalia. Kichwa kikavimba.

Na safari yenyewe niliipanga kama mtu anayepanga harusi. Nilichora njia yote kwa penseli ya ufundi kwenye ubao mpana wa mkangazi, kila anayekuja namwelekezea: natoka Musoma, nampitia mama Butiama, tunashuka Bunda, tunakwenda Kisorya, tunapanda pantoni na gari letu mpaka Ukerewe, tunakaa na mgonjwa mpaka wachoke kuongea, halafu tunaliingiza gari kwenye ile meli kubwa ya Nansio mpaka Mwanza, mama anapimwa nyonga na daktari wa maana, ndipo tunarudi kwa barabara, Magu, Lamadi, Bunda, nyumbani. Wiki nzima na zaidi, na mama hakai kitini hata mara moja! Niliwapigia madereva wa malori kuuliza pantoni inaondoka saa ngapi, nikauliza mteremko wa pale gatini ukoje, nikauliza mpaka upepo wa ziwa.

Heshima nayo niliikumbuka, msifikiri mimi sina malezi. Kwetu mkwe na mkwe wanaogopana, hampeani mikono ovyo, hamkai karibu, mama mkwe akiwa na neno analipitisha kwa binti yake. Kwa hiyo nikaweka pazia zito kati ya dereva na kitanda, nikapakia hema langu dogo juu ya paa ili wakilala ndani mama na binti yake mimi nilale nje mbali. Mchungaji wetu alipoliona lile pazia akanipiga bega akasema, "Fundi, hapa umefikiri." Nikaamini kweli nimefikiri.

Sasa Jumapili jioni, kesho yake ndiyo safari, mke wangu ameshatangulia Butiama tangu wiki iliyopita kumwandaa mama yake, mimi peke yangu nyumbani, nikasema ngoja nilijaribu lile godoro jipya nililonunua. Nikalala. Likazama na mimi mpaka nikausikia ubao mgongoni. Nyonga ya mama italala wapi hapa? Maduka yamefungwa, watu wanatoka ibada ya jioni. Nikazunguka, nikazunguka, nikaingia chumbani kwetu, nikaliona letu. Futi nne kwa sita, gumu, zuri, tumelianzia ndoa. Nikalivua shuka, nikalibeba kichwani mpaka kwenye gari, nikalivika shuka jipya la maua, likakaa kama limezaliwa pale.

(Nyie mnaojua mila mmeshashika vichwa. Naona. Shikeni tu.)

Kwa wasiojua: mama mkwe haingii chumba anacholala mkwewe. Kitanda cha mkwe hakikalii, hata kukiona kikiwa wazi ni aibu, na kukilalia ni mwiko mzito, mtu hawi sawa mpaka atengenezwe kimila. Mimi hayo nayajua tangu utotoni. Lakini mtu ukishauza vitanda miaka yote, kwako kitanda ni mbao na godoro ni sponji, nilichokuwa naona mimi jioni ile ni nyonga ya mama tu.

Jumatatu nikafika Butiama. Mama akapandishwa kwa mlango wa nyuma, akajinyoosha, na mke wangu akaja kukaa mbele kwangu ili awe anapokea maneno kutoka nyuma ya pazia. Hatujafika mbali, mama akasema kitu kwa lugha yetu, Nyangeta akanigeukia anacheka: "Mama anasema Mungu akubariki, hajawahi kulala hivi tangu nyonga ianze." Nikakanyaga mafuta kwa raha. Mpaka Bunda mama anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, halafu akanyamaza, akawa amelala usingizi kabisa, na dada yake akapiga simu, Nyangeta akamwambia, "Mama mkubwa, jioni tupo hapo kwako."

Kisorya tukakuta foleni ya magari, pantoni bado iko upande wa pili. Joto. Mama akaamka, akaomba mlango wa nyuma ufunguliwe apate hewa, mke wangu akampa chai akanywea pale pale kitandani, amenyoosha mguu, na mimi nikasimama pembeni nikiwa nimempa mgongo kama inavyotakiwa. Watu wakaanza kusogea. Wauza samaki, madereva, abiria, wanachungulia gari. "Hii nani katengeneza?" Mimi. "Na hilo bomba linatoa maji kweli?" Linatoa, angalia. Mtu akisifiwa anapoteza akili, nawaambia. Nikaanza kuonyesha droo, nikaonyesha jiko, nikaonyesha kimeza, ninanadi kama niko mnadani.

Dereva mmoja wa lori, mtu mnene mwenye kofia, akatikisa kichwa. "Gari nzuri fundi, ila hiyo godoro kwa barabara zetu itabonyea mara moja."

Angesema kitanda kibaya ningevumilia. Nikapiga lile godoro kofi, pale pale karibu na miguu ya mama, nikasema kwa sauti ambayo nadhani hata Ukerewe waliisikia: "Libonyee hili? Hili nimelilalia na mke wangu tangu tuoane, watoto wote wanne wamepatikana hapa hapa, na halijabonyea hata nukta!"

Wanaume wakacheka. Halafu mama mmoja aliyekuwa na karai la sato wa kukaanga akauliza taratibu, "Baba, na huyo aliyekaa hapo juu ni nani yako?"

Kicheko kikakatika. Nikageuka. Mama mkwe ameshika kikombe, haniangalii, anaangalia lile shuka la maua, kisha akaliinua pembeni kwa vidole viwili kuangalia kilichoko chini yake. Mke wangu naye akainama akaangalia, akaona pale alipolishona mwenyewe kwa uzi mwekundu mwaka ule lilipochanika. Akaweka mikono kichwani.

"Baba Magesa," akasema, "umeniua."

Mama akashuka. Mtu asiyeweza kusimama bila kushikwa alishuka mwenyewe, akaenda kukaa chini kwenye mchanga, akajifunika kanga usoni. Nilitamani ardhi ipasuke, haikupasuka, ya Kisorya ni ngumu sana. Nikalivuta godoro nje, nikasema nitalitupa ziwani sasa hivi, watu wakanipigia kelele kwamba kuna nyavu za watu. Nikamwambia mke wangu amwambie mama kwamba sisi ni Wakristo, Mungu anaangalia moyo. Nyangeta akapeleka, jibu likarudi, na mama alilisema kwa Kiswahili ili wote tusikie: "Ukristo niliupokea kabla yeye hajazaliwa. Haujaniambiaga nilale kitandani kwa mkwe wangu."

Pantoni ikafika. Magari ya mbele yakaanza kuingia, ya nyuma yakaanza kupiga honi, mimi nimeziba njia na godoro liko katikati ya barabara. Nikaingia garini kurudi nyuma nipishe, na lile pazia langu la heshima limeziba kila kitu, sioni nyuma, nikarudi hivyo hivyo mpaka nikasikia kishindo cha bati. Karai la yule mama. Sato wamelala mchangani, mafuta yamemwagika.

"Ebo!" akapiga kelele. "Umemaliza mkwe wako sasa unamalizia na samaki yangu?"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilikuwa nimeinamia usukani, natoa machozi, mtu mzima mwenye watoto wanne.

Nilidhani mama atavuka kwa miguu na binti yake, mimi nibaki na aibu yangu. Nyangeta akambembeleza avuke. Akakataa. Alisema mtu aliyevunja mwiko haingii kwenye nyumba ya mgonjwa, akiingia na uchafu ule anaweza kummaliza dada yake, lazima kwanza arudi Butiama wanawake wazee wa ukoo wamtengeneze. Pantoni ikaondoka. Mama aliisindikiza kwa macho mpaka ikawa ndogo, na midomo yake ilikuwa inaenda lakini sauti haitoki.

Wakapata gari dogo linalorudi Bunda. Mama akakaa kitini, kile kile kiti nilichoapa kwamba hatakikalia, na mimi nikafuata nyuma na kitanda changu cha mninga kitupu. Pale Bunda wakasimama, mama ameshindwa na maumivu, wakamshusha akalala kwenye benchi la mtu, uso umekunjamana. Nilisimama ng'ambo ya barabara. Nikapiga hatua moja kwenda kumsaidia, mke wangu akanionyesha mkono: baki huko huko. Nikabaki. Sijawahi kujiona sina kazi duniani kama dakika zile.

Mambo ya kumtengeneza siyajui yote, na ninayoyajua siruhusiwi kuyasema. Mbuzi nilipeleka. Wazee wengine walikuwa mbali, wakasubiriwa. Siku ya tatu, bado hawajamaliza, simu ikatoka Ukerewe: kiharusi kimerudi mara ya pili. Yuko hai. Mdomo umefunga.

Wazee walipomaliza, mama na Nyangeta walikwenda kwa gari la kukodi, mimi nilibaki Musoma. Nyangeta aliniambia aliporudi, na aliniambia amekaa mbali, anaangalia ukuta. Kwamba ile Jumatatu, tulipomwambia jioni tupo kwako, mama mkubwa aliomba aogeshwe, avalishwe gauni lake la kanisani, akalishwe nje kwenye kiti aone njia. Alikaa pale mpaka giza, kila gari likisikika anauliza, "Ni wao?" Aliongea vizuri kabisa siku ile, wanasema. Hajawahi kuongea vizuri hivyo tangu augue.

Sasa anamwangalia mdogo wake na machozi yanatoka upande mmoja tu. Mama mkwe akamuuliza kwa lugha yetu, mama yetu alisema nini? Akauliza tena na tena, mpaka Nyangeta akamtoa nje.

Nilingoja matusi. Nilijiandaa kwa matusi. Badala yake mama alinitumia salamu kwa binti yake: "Mwambie baba Magesa asijiue kwa mawazo, kutoka Butiama mpaka Kisorya nililala usingizi mzuri." Jamani. Heri angenitukana mbele ya kanisa zima.

Gari nimelirudisha kwenye kubeba mbao. Na mbele yenu naapa, safari nyingine nikimpangia mtu sitaanza na pantoni wala barabara, nitakwenda kukaa mbali naye kwa heshima, nimtume mke wangu amuulize kila kitu mpaka kijiko atakacholia, na akisema hapana, ni hapana. Lakini hiyo ni ahadi ya mtu aliyechelewa. Mama mkwe bado anapiga simu Ukerewe kila jioni, kule wanamwekea dada yake simu sikioni, yeye anaongea kidogo, halafu ananyamaza anasubiri, anasubiri, halafu anamuaga.