Nusu Saa ya Bure

Mpangaji wa safari ofisini kwetu hapimi barabara kwa rula. Rula, anasema, ni mwongo aliyenyooka. Hutoa uzi mweusi wa kushonea, akaulaza kwenye ramani kona kwa kona, akiusukuma kwa kucha kutoka milimani mpaka kwenye kivuko cha visiwani, huku akiigombeza barabara kama anayemsuka mtoto asiyetulia. Ukimsemesha wakati huo, utajibiwa na kidole kilichoinuliwa. Hajawahi kuwaita abiria wa basi letu wateja. Ni "wazee wangu," na kwa ajili yao huwafokea wenye hoteli kwenye simu mpaka sauti inamkauka: "Ngazi tupu? Magoti ya kupandia utawaazima wewe?"

Jana bosi, mtu asiyeweza kuona nafasi asiijaze bidhaa, aliinama juu ya ramani akagonga kalamu pale kileleni, ambapo basi husimama na visiwa vyote huonekana kwa mara ya kwanza. "Hii nusu saa iko bure. Tuwapeleke duka la zawadi."

Uzi ukamkatikia mpangaji mkononi.

"Bure? Umewahi kukaa pale na mama aliyepanga kuja na mumewe, akaja na koti la mumewe tu?"

Bosi akacheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango. "Sasa kwenye ratiba tuandike wanafanya nini?"

"Andika hivyo hivyo, bure." Akaufunga uzi fundo kwa meno, akaulaza tena pale pale ulipokatikia. "Na dereva azime injini."