Karani wa Vibali vya Ndege

Karani hakuugonga muhuri kabla hajaupuliza mara mbili, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Kidole kikitambaa juu ya fomu, alisoma kwa sauti ya chini jina la kila ndege niliyeomba kumkamata, kumvisha pete yenye namba na kumwachia. Kibali kilihitaji sahihi saba kila mwaka, na mara nyingi kilitoka mbayuwayu wamekwisha kwenda zao.

"Pole, binti yangu. Wameondoka lini?"

"Juzi, baba."

Kila mara aliandika kitu kwenye daftari lake dogo. Nilikuja kujua ni nini siku ya kikao cha kurekebisha kanuni za vibali. Alisimama, akasoma miaka kumi na tisa ya tarehe: kibali kilitoka lini, ndege waliondoka lini; kisha akaomba sahihi saba zipunguzwe ziwe moja. Mkuu wa ofisi yake akacheka.

"Mzee, ikibaki sahihi moja, hiyo meza yako itafanya kazi gani?"

"Itapumzika, mkuu. Imechoka kunishinda."

Kanuni zikapita. Siku hizi kibali hunijia kwenye simu, nami huwatangulia mbayuwayu mtoni ninakowakamatia. Sina tena sababu ya kupanda zile ngazi za kwenda kwenye meza yake.