Tulivyopeleka khanga kwenye kijiji cha wauza ngozi, Canada

Wakuu, salaam kutoka Walthamstow, London, ambako mvua inanyesha kama imesaini mkataba. Ninachosimulia sijakitia chumvi. Mke wangu naye anasoma humu, angenisahihisha hadharani.

Binti yetu Neema, mzaliwa wa London, anasoma historia chuo. Kiswahili anakielewa, ila ukimsemesha anajibu Kiingereza. Nilishakubali kwamba lugha inaishia kwangu.

Summer hii alitubeba hadi kaskazini mwa Canada, kwenye kijiji cha kale cha biashara ya ngozi, ambacho sasa ni makumbusho. Kuna duka lililojengwa kwa magogo ambako wenyeji walibadilisha ngozi za beaver, mnyama wa majini mwenye manyoya mazito, wakapewa blanketi na masufuria. Ngozi zikaja London kuwa kofia za mabwana. Pembeni kuna kanisa la wamisionari.

Wakati wa kufunga mizigo, mke wangu akaweka doti ya khanga.

"Mama Neema, kule ni makumbusho, si ukweni."

"Kuna mtu wa kutupokea?"

"Yupo, guide."

"Basi siendi mikono mitupu."

Sikubishana. Ndoa yetu imedumu kwa njia hiyo.

Aliyetupokea ni Bi Rose, mama wa makamo, mzawa wa palepale. Akatuonyesha duka, kanisa, kisha makaburi. Wageni walileta biashara, wakaleta Biblia, na ndui ikaja humohumo. Ukoo wa bibi yake karibu wote umelala pale.

Na ni palepale mke wangu alipotoa khanga.

Bi Rose akaipokea kwa mikono miwili, akaikunjua, akauliza maandishi yanasemaje.

Nikasoma. Nikatamani nisingejua kusoma.

MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Wakuu, nina digrii mbili na huwa naandika makala ndefu za kuwasahihisha watu. Akili yote hiyo ikaniletea wazo moja tu: kudanganya.

"Neema," nikanong'ona, "mwambie inasema karibu tu."

"Hapana, Baba. Haisemi hivyo."

Kwa Kiswahili. Mbele za watu.

Kisha akamgeukia Bi Rose, akamfafanulia neno kwa neno, bila kupunguza. Akaongeza kwamba hata kwetu walikuja wageni wenye Biblia na mizani, na si wenyeji wote waliopona. Lakini methali tumeiweka, kwa sababu mgeni mwema bado tunamsubiri.

Bi Rose akayatazama makaburi.

Halafu akacheka. "Basi mmechelewa sana!"

Mke wangu, ambaye lafudhi ya Bi Rose ilimpita, alipotafsiriwa na Neema, hakumeza hata mate: "Mwambie tulikuwa foleni ya visa."

Bi Rose alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga, kisha akajitanda nayo. Tukamaliza ziara hivyo, yeye mbele, methali mgongoni.

Nilichojifunza: nilidhani lugha inaishia kwangu, kumbe ilishanipita ikaenda mbele.

Wenye watoto huku, Hayes, Stratford na kwingineko, wenu walishawahi kuwaumbua hivi kwa heri? Shusheni visa vyenu.

Na anayejua khanga yenye maneno yasiyo na mitego, aitaje. Bi Rose ametualika tena, na mke wangu ameshaanza kupanga mzigo.